Fundi Anajibu: Betri imelala, waya wa mwisho unabana wapi?

Safari hii sijui mlipangana, karibu barua zote ni za betri. Nimechukua saba, zingine zinafanana na hizi hivo ukisoma ya mwenzako utakuwa umejibiwa na ya kwako.

Fundi habari. Juzi nimetoka kazini nakuta gari haiwaki, kumbe taa nimeziacha tangu asubuhi. Wakaja kaka wawili kunisaidia, mmoja ana gari na waya za kubusti. Wakaanza kubishana, mmoja anasema waya mweusi wa mwisho unabanwa kwenye betri yangu, mwenzie anasema hapana unabanwa kwenye chuma cha injini. Mwenye gari ndo akashinda, akabana kwenye betri, ikapiga cheche mpaka nikaruka, ila gari ikawaka. Kama alikosea mbona iliwaka? Naomba unielekeze taratibu kama mtu asiyejua kitu, maana kweli sijui kitu. (Dada wa gari nyeupe)

Dada yangu pole. Gari iliwaka kwa sababu umeme haujali umebana wapi, injini na bodi nzima ya gari yako vimeungwa na upande hasi wa betri, kwa hiyo ukibana kwenye betri au kwenye chuma cha injini ni kulekule, mzunguko unakamilika na starta, ile mota inayozungusha injini iwake, inapiga. Lakini aliyeshinda ubishi ndo aliyekosea, na kosa lake liko kwenye ile cheche iliyokurusha.

Iko hivi. Waya ziko mbili, kila mmoja una vibanio viwili. Vibanio vitatu vya kwanza unaweza kuvibana bila kuona kitu, kile cha nne ndo kinachofunga mzunguko, na hapo cheche ni kawaida kabisa, hata mimi nikibana itapiga. Swali ni ipige wapi. Betri ya gari ndani ina risasi na asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji, na inapochajiwa yale maji yanagawanyika, yanatoa haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni haina harufu, haionekani, na ikifika asilimia 4 tu ya hewa iliyopo hapo inaweza kushika moto. Inatokea kwenye vitundu vya mfuniko na kukaa hapohapo juu ya betri, hasa boneti ikiwa haina upepo. Sasa wewe ulete cheche hapo juu yake. Mara nyingi hamna kinachotokea, ndo maana kaka yule amefanya miaka yote na ataendelea kukuambia mbona mimi siku zote nabana hapa. Siku ikitokea, boksi la betri linapasuka na asidi inaruka usoni kwa aliyeinama.

Mimi nimeona mara moja maishani, nikiwa bado najifunza gereji. Mwenzangu alikuwa anachaji betri mezani, akachomoa kibanio huku chaja bado imewashwa, ukasikika mlio kama wa bunduki na mfuniko wa betri hatukuuona tena. Kilichomwokoa ni miwani ya kusagia vyuma, alikuwa anasaga dakika chache kabla akasahau kuivua. Shati lake tukaliona zima, alipolifua likatoka na matundu kama limeliwa na panya. Tangu siku hiyo sibishani na mtu kuhusu waya wa mwisho, nachukua waya wangu naondoka.

Haya, taratibu sasa. Kabla ya waya zozote angalia betri yako yenyewe. Kama boksi limepasuka, linavuja, au limevimba pembeni kama mto, funga boneti, hiyo haibustiwi, inabadilishwa. Na kwa wale mnaokaa kwenye baridi ya kuganda, betri iliyoisha chaji ndani yake ni kama maji tu, inaganda nyuzi chache chini ya sifuri, wakati iliyojaa inavumilia mpaka zaidi ya nyuzi 50 chini ya sifuri, na betri iliyoganda usiibusti wala usiichaji mpaka iyeyuke kwanza na uone boksi halijapasuka.

Leteni magari karibu ila yasigusane, yakigusana bodi kwa bodi mmeshaunganisha upande hasi kabla hamjajipanga. Handibreki zote mbili juu, gia kwenye P au huru, zima kila kitu, taa, redio, feni, simu inayochajiwa nayo chomoa. Vua pete, vua saa ya chuma. Pete ikigusa chanya na upande mwingine ikagusa chuma inakuwa nyekundu kwenye kidole kabla hujavuta mkono, hiyo ajali ipo sana na watu hawaisemi.

Alafu waya mwekundu unaanzia kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake ya pili inaenda kwenye chanya ya betri nzima, yaani ile ya gari linalosaidia. Mweusi unaanzia kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho, hii ndo ugomvi wa kaka zako, inabana kwenye chuma kitupu cha injini ya gari iliyokufa, bolti nene isiyo na rangi au kishikio cha injini, mbali na betri kadri waya unavyofika, na mbali na mikanda na feni. Usibane kwenye bomba la mafuta au kitu chembamba. Ukishika sehemu yenye rangi au kutu haitashika, utadhani betri ni mbovu kumbe kibanio kimekaa juu ya rangi.

Hapo washa lile gari linalosaidia, iache ingurume kama dakika 5. Watu wengi hapa ndo wanakosa subira. Starta ya gari dogo inavuta ampea 150 mpaka 200 na zaidi, hizo zote huwezi kuzipitisha kwenye waya za kubusti kirahisi, kwa hiyo hizo dakika ni za kuipa betri yako chaji kidogo ili na yenyewe isaidie kusukuma. Kisha piga starta, isizidi sekunde 10, ikikataa pumzika dakika nzima ndo urudie, starta inachemka haraka kuliko unavyofikiri. Ukijaribu mara 4 hamna kitu acha, tatizo sio betri peke yake.

Ikiwaka usikimbilie kuchomoa. Acha zote mbili zinanguruma dakika chache, na kwenye gari yako washa feni ya hewa na ile hita ya kioo cha nyuma, hivyo vinameza umeme ule unaoruka pale unapochomoa waya. Taa kubwa usiziwashe, balbu zinaweza kuungua palepale. Alafu chomoa kinyume cha ulivyobana, wa kwanza ni ule mweusi wa kwenye chuma, kisha mweusi wa betri nzima, kisha mwekundu wa betri nzima, wa mwisho mwekundu wa kwako. Na vibanio visigusane hewani wakati ncha nyingine bado ziko kwenye betri.

Asidi ikikurukia machoni ni maji, maji mengi yanayotiririka, sio chini ya dakika 15, usifikiche, alafu hospitali hata kama unaona imepoa.

Mambo fundi. Mimi nimeharibu. Usiku, nilikuwa na haraka, nikageuza waya, chanya na hasi. Ikatoa cheche kubwa na moshi kidogo, nikachomoa fasta. Nikabana upya vizuri, lakini sasa hata taa ya dashibodi haiwaki kabisa. Nimeua gari? (Mwenye haraka)

Mdogo wangu hujaiua bado, au tuseme hatujui mpaka tufungue. Kwanza usiendelee kujaribu. Magari mengi ya siku hizi yana fyuzi kuu kubwa, iko karibu na betri au kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti, imeandikwa 80, 100, 120 na kuendelea, na ile imewekwa hapo kwa ajili ya watu kama wewe. Ikiwa umeme umekatika wote kabisa, yaani hata taa ya ndani hamna, basi mshukiwa wa kwanza ni hiyo, na ukikuta imeungua shukuru, maana ina maana ilikatika kabla moto haujafika mbali.

Kinachofuata kwa kuungua ni altaneta, ile mashine inayozungushwa na injini na kuchaji betri. Ndani yake kuna dayodi, kazi yake ni kupitisha umeme upande mmoja tu, ukiugeuza zinapitisha zote kwa nguvu moja na kufa. Gari inaweza kuwaka vizuri baada ya kubadili fyuzi, ukafurahi, alafu kesho betri imelala tena kwa sababu altaneta haichaji. Kwa hiyo ikishawaka pima chaji, nimeeleza chini huko. La mwisho na la kuogopesha ni kontrol boksi, yaani kompyuta ya gari, hiyo ikiguswa utaona taa za ajabuajabu kwenye dashibodi au gari haisomi funguo, na hapo ni kazi ya fundi umeme mwenye mashine ya kusoma.

Angalia na gari iliyokusaidia, na yenyewe ilipigwa. Usimwache mtu wa watu anaenda kuzimikia njiani bila kujua kwanini.

Na rangi za waya usiziamini peke yake. Kuna waya zimewahi kukatwa zikaungwa na mtu, upande mmoja mwekundu upande wa pili mweusi. Kuna magari yenye waya zote nyeusi na vifuniko vya plastiki vilishapotea. Tafuta alama yenyewe ya + na − iliyochorwa kwenye boksi, ifute vumbi, washa tochi ya simu. Terminali, yaani kile kichwa cha betri kinachobanwa waya, ya chanya pia kwa kawaida ni nene kidogo kuliko ya hasi, lakini kwa macho ya usiku hiyo usiitegemee.

Kijana wangu, mimi nina gari dogo na jirani yangu ana lori. Betri yangu ikilala naweza kubusti kutoka kwenye lori lake? Lina nguvu zaidi nadhani itawaka haraka. (Mzee msomaji)

Shikamoo mzee wangu. Hapana, usifanye hivyo. Lori kubwa mara nyingi lina betri mbili za volti 12 zilizoungwa kwa mstari, jumla volti 24, na gari lako ni la 12. Ukiliunga itakuwa umeliingizia mara mbili ya linachohitaji, kila chenye kompyuta ndani kinaweza kuungua, na betri yenyewe inaweza kuchemka na kupasuka. Wapo mafundi wanaochukua kutoka kwenye betri moja tu ya lori, wanajua ipi na wanajua bodi ya lori imeshikana na ipi, wakikosea kidogo ni yaleyale. Mimi nimefanya hii kazi miaka mingi na bado sifanyi. Mwambie jirani akuvute tu mpaka kwa mwenye gari dogo.

Fundi, uliandika hapa zamani kwamba ukishabusti zunguka na gari robo saa inatosha. Mimi nilizunguka robo saa, nikazima ninunue kitu, nikarudi haiwaki. Mbele za watu. Rekebisha maneno yako. (Niliyeaibika)

Narekebisha, na samahani. Niliandika vibaya, nilikuwa nafikiria betri iliyoshuka kidogo tu, sikusema hivo.

Hebu tuhesabu pamoja. Betri ya kawaida ya gari dogo imeandikwa 60 Ah, yaani ampea mara masaa, au karibu na hapo. Taa mbili kubwa za balbu za watti 55 kila moja, na zile ndogo za nyuma, zinakula karibu ampea 10. Yule dada wa juu aliyeziacha asubuhi mpaka jioni, ndani ya masaa 6 betri ilishakauka. Sasa hata ingekuwa imeshuka nusu tu, inadai 30. Altaneta inaweza kutoa ampea nyingi ndio, ila sio zote zinaenda kwenye betri, kuna injini yenyewe, feni, taa, na ukiwa kwenye foleni injini inanguruma polepole altaneta nayo inatoa kidogo. Juu ya hapo betri inapokea haraka mwanzoni alafu inakuwa kama mtoto aliyekaribia kushiba, kijiko kimoja kimoja. Kwa hiyo robo saa inaweza kukutosha kupiga starta mara moja, au isitoshe, ni bahati. Nusu saa mpaka saa nzima ya mwendo wa barabara iliyofunguka ni bora, na bado haijai.

Inayoijaza ni chaja ya ukutani. Chaja ya ampea 5 kwa deni la 30 ni masaa 6 kwenye karatasi, kwa kweli ni zaidi kwa sababu kuna unaopotea, iache usiku kucha, mahali penye hewa, na uzime chaja kabla ya kuchomoa vibanio, msikumbushe habari ya shati. Na usikae nayo wiki ikiwa imelala ukisema nitachaji jumamosi. Betri ya risasi ikikaa tupu inafanya ukoko wa salfati kwenye sahani zake ambao haurudi kirahisi, ndo ile unachaji unaambiwa imejaa ukipiga starta inasema tik.

Fundi kila asubuhi nabusti. Kila asubuhi! Nimenunua betri mpya miezi miwili iliyopita, wiki ya kwanza sawa, sasa imerudi palepale. Fundi wangu anasema ni betri feki ninunue nyingine. (Nimechoka)

Usinunue. Yaani usinunue mpaka upime, manake ukiweka betri ya tatu kwenye gari lenye tatizo utakuwa unalisha shimo.

Tafuta mita ya umeme, hata ile ndogo kabisa, iweke kwenye volti za DC. Gari likiwa limelala masaa kadhaa bila kuguswa, pima betri, chanya kwa hasi. 12.6 au 12.7 imejaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu. Ikiwa 12.0 kushuka chini imekwisha, haijalishi redio inaimba vizuri kiasi gani. Watu wanashangaa kwamba volti 12 kamili ni betri iliyoisha, lakini ndani kuna vyumba 6 na kila kimoja kikijaa kinatoa volti 2.1, zidisha utaona.

Sasa washa gari na pima tena palepale. Inatakiwa ipande mpaka kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Kuna magari mapya ambayo kompyuta inapunguza chaji makusudi kuokoa mafuta, hayo yanaweza kuonyesha chini kidogo ukiwa huna mzigo, washa taa na feni uone kama inapanda. Lakini ikibaki 12 na kitu na inazidi kushuka huku injini inanguruma, altaneta haichaji, au mkanda wake umelegea, na betri yako haina kosa lolote. Ikizidi 15 nayo ni mbaya, inachemsha betri.

Kuna mtindo wa zamani wa kupima altaneta, unachomoa terminali ya betri injini ikiwa inawaka, ikizima altaneta mbovu, isipozima nzima. Fundi akikufanyia hivyo kwenye gari la siku hizi chukua funguo zako. Betri ndo inatuliza umeme wa altaneta, ukiichomoa ghafla volti zinaruka juu mara kadhaa ya kawaida kwa muda mfupi sana, ambao unatosha kuua kontrol boksi.

Chaji ikiwa nzuri, basi kuna kitu kinakula usiku. Gari lililozimwa halilali kabisa, saa inatembea, alamu inasubiri, ila vyote kwa pamoja kwa kawaida havizidi miliampea 50. Kikiwepo kitu kinachokula nusu ampea tu, usiku na mchana wake ni 12 Ah, siku tatu nne hupigi starta. Taa ya buti isiyozima hufanya hivyo, redio iliyofungwa vibaya hufanya hivyo, kifaa cha kufuatilia gari, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) iliyoganda. Kumpata mwizi, zima kila kitu, fungua terminali ya hasi, weka mita kwenye ampea kati ya terminali na waya wake, funga milango alafu subiri, nusu saa au zaidi, mpaka kompyuta za gari zilale. Usipige starta wala kuwasha taa kubwa mita ikiwa hapo, fyuzi yake inakatika. Ukisoma zaidi ya kawaida anza kuchomoa fyuzi moja moja, itakayoshusha namba ndo njia anayopita. Inachosha, najua, mimi niliwahi kutafuta siku nzima nikakuta ni taa ya kisanduku cha mbele ya abiria, mlango wake haufungi sawasawa.

Ila kabla ya yote hayo, na hapa ndo ningeanzia mimi, shika terminali zako kwa mkono uzungushe. Zikizunguka zimelegea. Zikiwa na unga mweupe au wa kijani, chaji haiingii vizuri hata altaneta ikiwa mpya. Fungua hasi kwanza, kisha chanya, sugua kwa brashi ya waya na bikaboneti ya soda iliyokorogwa kwenye maji ya moto, usiache iingie kwenye vitundu vya betri, suuza, kausha, kaza, mpake grisi. Kufunga anza chanya, hasi mwisho. Wiki yako ya kwanza nzuri na baadae mbaya, mimi nahisi ni hapo au ni mwizi wa usiku, betri feki ningeiweka ya tatu.

Kaka fundi nina haibridi. Inabustiwa? Na naweza kumbusti mtu mwingine? Gari langu jingine ni otomatiki, likilala nalisukuma? (Maswali mawili kwa moja)

Matatu hayo, lakini twende. Haibridi, gari la injini na mota ya umeme pamoja, ina betri mbili, kubwa ya volti mia na kitu mpaka mia kadhaa ambayo waya zake ni za rangi ya machungwa na wewe huzigusi kabisa, na ndogo ya volti 12 kama ya kila mtu. Inayolala ni hiyo ndogo, na kazi yake ni kuamsha kompyuta tu, haizungushi injini, kwa hiyo kuibusti ni rahisi, umeme kidogo unatosha, ukiona READY kwenye dashibodi umemaliza. Mara nyingi betri yenyewe imefichwa nyuma au chini ya siti, wakakuwekea sehemu ya kubana chini ya boneti, kifuniko chekundu kwenye boksi la fyuzi, kitabu cha gari kinaonyesha. Kumsaidia mtu mwingine, hapana. Hiyo betri ndogo na kifaa kinachoichaji havikutengenezwa kubeba starta ya gari la mtu, vitabu vingi vya haibridi vinakataza waziwazi, na kifaa hicho sio kitu unachotaka kubadilisha.

Otomatiki haisukumwi. Gari la gia za mkono, tairi zinazungusha gia, gia inazungusha injini, inawaka. Otomatiki nyingi pampu yake ya mafuta ya gia inazungushwa na injini yenyewe, injini ikiwa imelala hamna presha, hamna kinachoshikana ndani, mtasukuma mpaka mfike nyumbani. Na hata la gia za mkono, sukuma likiwa limeshindikana kabisa, petroli isiyoungua ikishuka kwenye kataliti ya ekzosi, ile inayosafisha moshi, inaiharibu.

Fundi nimenunua ile pawabenki ya kuwashia gari, ndogo kama kitabu. Rafiki yangu anacheka anasema hiyo ya simu. Inafanya kazi kweli? Nitupe waya? (Mpenda vitu vipya)

Inafanya kazi, mwambie rafiki acheke taratibu. Zile za lithiamu zinatoa ampea nyingi kwa sekunde chache, na nzuri zina kinga, ukigeuza vibanio zinalia badala ya kuungua, yule mwenye haraka wa juu angekuwa nayo tusingeandikiana. Unabana nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye chuma au pale kitabu chake kinaposema, unawasha ikubali, unapiga starta kwa sekunde chache. Gari likishawaka toa vibanio mapema, usiiache altaneta inaisukumia umeme. Betri ikiwa tupu kabisa, kama volti 2 au 3 hivi, baadhi zinakataa kwa sababu hazioni kama kuna betri, kuna kitufe cha kulazimisha, na ukikibonyeza ile kinga ya kugeuza waya inazimika, kwa hiyo angalia + na − mara mbili.

Waya usizitupe. Pawabenki nayo inaisha, ichaji kila baada ya miezi mitatu hivi, na waya ukizishika ziwe nene, ndani shaba ya milimita za mraba 16 kwa gari dogo la petroli, 25 na kuendelea kwa dizeli, zile nyembamba za kung'aa nje ni plastiki tupu, zinapata moto starta haigeuki.

Usiiache pawabenki juani kwenye dashibodi, lithiamu haipendi joto. Na usiiweke kwenye buti, kama buti lako linafunguka kwa kitufe cha umeme, maana siku unayoihitaji ndo siku buti halifunguki. Chini ya siti ya dereva ni sawa, alafu hakikisha unajua ule ufunguo mdogo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti unatolewaje, mlango nao siku hiyo hautaitikia rimoti.